Kabla ya Kulipa Ada: Mlaji na Masharti ya Kujiunga na Chuo cha Masaji

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, matangazo ya vyuo huanza kupanda milima ya Ileje. Hufika Ibaba kwa njia nyingi: karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo mjini Tunduma na kupigwa picha kwa simu, ujumbe unaosambazwa katika kundi la wahitimu, au kijana aliyerudi likizo akiwa na fomu kumi za kujiunga mkobani. Miongoni mwa kozi zinazotangazwa siku hizi imo masaji, ambayo wengine huiita uchuaji au ukandaji wa mwili. Tangazo huwa fupi na tamu: miezi mitatu tu, cheti cha kimataifa, ajira ya uhakika katika hoteli za Zanzibar au Dubai, nafasi ni chache, lipa sasa.

Makala haya hayakusudii kumkatisha tamaa kijana anayeipenda kazi hii. Masaji ni fani halali na yenye heshima, na watu wa nyanda za juu hawahitaji kufundishwa thamani ya mkono unaojua kukanda. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na wakubwa wake. Mzee aliyeshinda shambani huchuliwa mgongo jioni. Kinachohitaji maelezo ni kile ambacho mlaji haoni katika tangazo, yaani masharti ya chuo: nani anapokelewa, analipa nini na kwa ajili ya nini, akiondoka anarudishiwa nini, akikosa vipindi anapoteza nini, na siku ya mwisho anatoka na karatasi ya nani.

Tunamwita mwanafunzi mlaji kwa makusudi. Mafunzo yanayouzwa kwa ada ni huduma sokoni kama zilivyo huduma nyingine. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kumpa maelezo ya uongo kuhusu ubora wa huduma, bei yake na manufaa yake. Chuo kinachotangaza usajili ambao hakinao, au ajira ambayo hakuna mwajiri aliyeiahidi, hakiwezi kujitetea kwamba hayo ni maneno ya matangazo tu.

Usajili wa chuo na asili ya cheti

Swali la kwanza la mzazi kwa kawaida ni "ada kiasi gani?" Tunashauri liwe la pili. La kwanza liwe: chuo hiki kimesajiliwa na nani, na namba yake ya usajili ni ipi?

Kwa muda mrefu Watanzania walizoea kwamba elimu ya ufundi stadi ni VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na elimu ya ufundi ya ngazi ya juu zaidi ni NACTE. Mambo yamebadilika. NACTE sasa ni NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na ndilo lenye jukumu la kusajili na kutoa ithibati kwa vyuo vya aina zote mbili. VETA inaendelea kuendesha vyuo vyake yenyewe, kikiwemo cha Mbeya. Kwa hiyo tangazo linaloonyesha nembo ya VETA juu ya jina la chuo binafsi halithibitishi jambo lolote. Omba namba ya usajili, kisha iulizie NACTVET wenyewe. Usiulize chuo kama namba ni sahihi, kwa kuwa hakuna chuo kitakachokujibu kuwa si sahihi.

Hata chuo kikiwa na usajili, angalia kama kozi unayouziwa imo ndani ya usajili huo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kufundisha ushonaji na kompyuta, kisha kikaongeza masaji mwaka huu kwa kuwa vijana wanaiulizia. Mhitimu wa kozi ya namna hiyo hutoka na cheti cha kuhudhuria, karatasi nzuri yenye utepe wa dhahabu, inayosema kwamba alikuwepo. Cheti cha taifa cha ufundi stadi ni kitu kingine: kina ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, na hutolewa kwa aliyepimwa kwa kiwango kilichowekwa na taifa na si na mwenye chuo. Vyeti vyote viwili vinaweza kuwa na faida, ila havina thamani moja, na ada zake hazipaswi kulingana.

Kuhusu neno "kimataifa", msomaji na apunguze mwendo. Zipo taasisi za nje zinazojulikana katika fani ya urembo na masaji, kama CIDESCO yenye makao yake Zurich, ambazo hutahini wanafunzi wa shule zilizokubaliwa nazo. Taasisi za aina hiyo huweka wazi orodha ya shule zao. Chuo kikisema kinatoa cheti cha taasisi fulani, jina la chuo litafutwe katika orodha ya taasisi hiyo. Lisipoonekana, neno kimataifa lilikuwa ni wino tu.

Kipimo kingine ni saa. Katika jimbo la New York nchini Marekani, mtu haruhusiwi kupata leseni ya kuchua wateja kabla ya kumaliza mafunzo ya saa 1,000. Nchini Japani, ambako kazi hii imekuwa kwa karne nyingi riziki ya watu wasioona, sheria ya 1947 inaitaka miaka mitatu ya masomo na mtihani. Hatusemi kwamba kijana wa Ibaba asome miaka mitatu ndipo aajiriwe hotelini Kendwa. Tunasema kwamba mtu anayeuza kozi ya wiki mbili na kuahidi kuwa itakubalika popote duniani ajibu popote hapo ni wapi. Basi uliza kozi ina saa ngapi kwa jumla, ngapi ni za darasani, ngapi ni za vitendo chini ya mkufunzi, na ngapi ni za mazoezi kazini. Chuo chenye mtaala hujibu kwa dakika moja.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Aliyejifunza kuchua kwa kumfuata bibi yake au kwa kufanya kazi saluni miaka kadhaa anaweza kuulizia VETA kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa mtu wa namna hiyo, kulipia kozi nzima ya wanaoanza huenda kukawa ni kununua upya kitu alicho nacho.

Fomu, umri na karatasi za mwombaji

Fomu ya kujiunga huonekana kitu kidogo, lakini sahihi iliyo chini yake ni sahihi ya mkataba. Kwa sheria za Tanzania, mtu huwa na uwezo wa kufunga mkataba anapotimiza miaka 18. Wahitimu wengi wa kidato cha nne huwa na miaka 16 au 17. Sahihi ya kijana huyo peke yake haitoshi, na chuo makini humtaka mzazi au mlezi asaini. Chuo kinachompokea binti wa miaka 16 kwa sahihi yake mwenyewe, tena kwa kozi ambayo atagusa na kuguswa miili ya watu wazima, kimekwisha kueleza namna kinavyowatunza wanafunzi wake.

Soma masharti yote, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Fomu nyingi husema kwamba mwanafunzi "amesoma na kukubali kanuni za chuo", ilhali kanuni hizo hazikuambatanishwa. Ziombwe kwanza. Mwenye kusaini asichokiona amempa mwenzake ruhusa ya kukiandika baadaye.

Nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na matokeo ya mtihani huhitajika. Hilo ni la kawaida. Vyeti halisi vioneshwe, vilinganishwe na nakala, kisha virudi mkononi mwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Chuo hakina sababu ya kubaki na cheti halisi cha mwanafunzi hadi amalize ada, na mwanafunzi asiye na cheti chake hawezi kuhama wala kuomba kazi. Taarifa za afya atakazojaza katika fomu nazo zina mwenyewe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezikusanya aeleze anazitaka kwa kazi gani na azihifadhi kwa usalama. Hali kadhalika picha. Mwanafunzi aliyepigwa picha akiwa amelala kitandani kwa ajili ya somo la mgongo asijikute katika tangazo la chuo la mwaka unaofuata.

Ada, na swali ambalo husahaulika

Hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa, na hapa tutakaa kidogo.

Tangazo hutaja ada ya masomo. Gharama ya masomo ni zaidi ya ada. Kuna fedha ya fomu, usajili, sare, mafuta na taulo za mazoezi, mtihani, cheti, na mara nyingine "mchango wa chuo" ambao haujulikani unachangia nini. Kwa mwanafunzi anayetoka Ibaba kwenda Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, kuna pia chumba, chakula na nauli. Mwombe msajili akuandikie kila kitu katika karatasi moja yenye jumla chini, na aandike kwamba hakuna malipo mengine yatakayodaiwa katika kipindi cha kozi. Kwa kulinganisha, katika vyuo vya VETA ada ya kozi ndefu imekuwa kwa miaka mingi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa wa bweni. Vyuo binafsi hulazimika kutoza zaidi kwa kuwa havipati ruzuku, na hilo si kosa. Kosa ni kutaja bei nusu.

Kuhusu mikopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haikuanzishwa kwa ajili ya kozi fupi za ufundi stadi. Anayeahidi kwamba masomo ya masaji ya miezi mitatu yatalipiwa na Bodi aombwe barua ya Bodi yenyewe.

Fedha ilipwe kwa akaunti ya benki iliyo kwa jina la chuo, au kwa namba ya malipo ikiwa chuo ni cha serikali, na risiti idaiwe kila mara. Fedha iliyotumwa kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa ni mwalimu au ndugu wa jirani, ni vigumu kuithibitisha kuwa ni ada. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala lisipofanana na jina la chuo, simamisha hapo.

Sasa swali linalosahaulika: nikiondoka, je? Watu huona haya kuliuliza, kana kwamba ni kumtabiria mtoto mabaya. Mazungumzo ya simu kati ya mzazi na karani wa chuo huenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma fomu yenu. Binti yangu akiugua mwezi wa kwanza akarudi nyumbani, ada aliyolipa inakuwaje?"

"Mama usiwe na wasiwasi, huku hawaumwi."

"Amina. Lakini akiumwa?"

Mama huyo asikate simu mpaka ajibiwe, na jibu lije kwa maandishi. Sera ya kurejesha ada iliyo ya haki hutofautisha nyakati. Aliyelipa akabadili nia kabla masomo hayajaanza hurudishiwa karibu yote, ikitolewa fedha ya usajili. Aliyeondoka katikati hurudishiwa kwa kadiri ya sehemu ambayo hakufundishwa. Tuchukue mfano. Kozi ni ya saa 300 na ada ni shilingi 600,000. Mwanafunzi ameondoka baada ya saa 90 kufundishwa, yaani asilimia 30 ya kozi. Huduma aliyokwisha kuipata ina thamani ya shilingi 180,000. Iliyobaki ni shilingi 420,000. Chuo kinaweza kukata humo gharama ya sare na vifaa alivyokwisha kuchukua, na pengine sehemu fulani ya usumbufu iliyotajwa wazi katika mkataba. Kinachobaki ni chake mwanafunzi, na sera nzuri hutaja pia ni ndani ya siku ngapi atalipwa.

Vyuo vingi hapa kwetu huandika sentensi moja tu: ada ikilipwa hairudishwi. Mlaji aijue sentensi hiyo kabla ya kulipa. Kama ameikubali na ameondoka kwa hiari yake, kazi ya kudai itakuwa ngumu. Lakini sentensi hiyo haiwi ngao ya kila jambo. Chuo kikishindwa kuanza kozi kwa tarehe iliyotajwa, kikahamisha masomo kutoka mji mmoja hadi mwingine, au ikabainika kwamba usajili kilioutangaza haukuwepo, aliyevunja ahadi ni chuo. Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa, na maneno "hairudishwi" hubatilika pamoja nao.

Njia ya busara ya kupunguza hatari ni kulipa kwa awamu. Familia iliyouza viazi vya msimu mzima isipeleke fedha yote siku moja kwa sababu ya punguzo la asilimia 10. Punguzo hilo ni bei ambayo chuo kinalipa ili kisikudai tena. Kwa upande wako, umeuza nafasi ya kugoma.

Mahudhurio, msiba na kuahirisha masomo

Masaji hujifunzwa kwa mikono, kwa hiyo chuo kina haki ya kuwa mkali juu ya mahudhurio. Sharti la asilimia 90 si la ajabu. Ila lipige hesabu: katika kozi ya saa 300, umeruhusiwa kukosa saa 30, ambazo ni siku tano za masomo ya saa sita. Homa moja ya malaria inazimaliza. Msiba nyumbani unazimaliza pia, maana kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni safari ya siku nzima kwa basi, kisha kuna barabara ya Mpemba hadi Isongole, kisha mlima. Ukienda kuzika na kurudi, wiki imekwisha.

Kwa hiyo ulizia mambo haya na uyaandike: ruhusa ya ugonjwa yenye cheti cha daktari inahesabiwaje, msiba wa mzazi au ndugu wa karibu unapewa siku ngapi, vipindi vilivyokoswa hufidiwa bure au kwa malipo, na mwanafunzi aliyepata ujauzito au ugonjwa mrefu anaweza kuahirisha na kurudi na kundi linalofuata bila kulipa upya. Ikiwa chuo kinafuta usajili wa mwanafunzi kwa sababu ya ada iliyochelewa, kuna onyo la maandishi kwanza, na la siku ngapi? Kanuni ya nidhamu nayo iseme makosa ni yapi na mtuhumiwa anasikilizwa wapi. Kanuni inayosema kwamba mkuu wa chuo anaweza kumfukuza mwanafunzi "wakati wowote kwa sababu yoyote" haina mwisho mzuri kwa mtu aliyelipa ada ya mwaka.

Mwili wa mwanafunzi si kifaa cha kufundishia

Katika ushonaji mwanafunzi hufanyia mazoezi kitambaa. Katika masaji, wanafunzi hufanyiana wao kwa wao, na baadaye huwahudumia watu wa nje. Hili ndilo linaloitofautisha shule hii na nyingine, na ndilo ambalo fomu nyingi hazilitaji hata kwa neno moja.

Chuo kinachojiheshimu huwa na utaratibu ulioandikwa. Anayechuliwa hufunikwa kwa shuka au khanga, na sehemu inayofanyiwa kazi tu ndiyo hufunuliwa. Sehemu za siri haziguswi katika somo lolote. Mwanafunzi anaweza kukataa kufanyiwa zoezi, kwa sababu ya afya, dini, maumbile au kwa kutotaka tu, na kukataa huko hakumpunguzii alama. Wasichana na wavulana hupangwa katika mazoezi kwa ridhaa yao. Mkufunzi hamfanyii mwanafunzi masaji akiwa naye peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa jina la "somo la ziada". Ukiona chuo kinacheka swali hili, ondoka.

Udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai Tanzania, awe aliyeufanya ni mkufunzi, mteja au mwanafunzi mwenzako. Kanuni za chuo ziseme malalamiko hayo hupelekwa kwa nani, na huyo asiwe mtu mmoja tu, kwa kuwa mara nyingine huyo mmoja ndiye mlalamikiwa. Aliyefanyiwa hahitaji kusubiri kikao cha chuo. Dawati la jinsia na watoto la polisi linapokea taarifa moja kwa moja.

Jambo jingine ni wateja wa mazoezi. Vyuo vingine vina chumba ambamo watu wa nje huchuliwa na wanafunzi kwa bei nafuu. Utaratibu huo una manufaa ikiwa mkufunzi yupo, saa zinahesabiwa katika mafunzo na zina ukomo. Usipokuwa na ukomo, hugeuka kuwa biashara ya chuo inayoendeshwa na watu wanaokilipa chuo ili wafanye kazi. Uliza: ni saa ngapi, nani anasimamia, fedha ya mteja inakwenda wapi, na mteja mwenye tabia mbaya hufukuzwa na nani.

Afya nayo isifichwe. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa, katika wiki za mwanzo na si mwishoni, kwamba kuna watu wasiochuliwa: mwenye homa, mwenye ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, mwenye mfupa uliovunjika, mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, ambao unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Damu hiyo ikisukumwa kwa mikono inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Mama mjamzito huhitaji ujuzi maalumu na ushauri wa mhudumu wa afya. Mtaala usiotaja mambo haya ni mtaala wa hatari, hata kama unafundisha aina 12 za masaji. Mafuta yanayotumika yawe yamethibitishwa na TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji haina nafasi mezani.

Kazi baada ya masomo, na majina yasiyo yao

Mhitimu wa masaji ni mchuaji. Si daktari wa viungo. Fiziotherapia ni taaluma ya afya, husomewa kwa miaka katika vyuo vya afya, kama kile kilichopo KCMC mjini Moshi, na waitumikiao husajiliwa kwa mujibu wa sheria. Naye anayejitangaza kuwa anatibu maradhi kwa tiba asili au tiba mbadala anapaswa kusajiliwa na Baraza lililoundwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Chuo kinachowaahidi wahitimu kwamba watatibu kiharusi kinawaandaa kushtakiwa.

Ahadi ya ajira iulizwe kwa majina. Hoteli ipi? Mkataba uko wapi kati ya chuo na hoteli hiyo? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi, na je, naweza kuzungumza na wawili kati yao? Chuo chenye wahitimu walioridhika hufurahia swali hilo.

Uangalifu uongezeke maradufu ikiwa ahadi ni ya kazi nje ya nchi. Wakala wa ajira binafsi anapaswa kuwa na kibali cha serikali, na ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira ndiyo mahali pa kuuliza. Dalili za hatari zinajulikana: mafunzo ni ya "bure" lakini utakatwa mshahara baadaye; hati ya kusafiria inashikwa na mtu mwingine; umekatazwa kuwaambia wazazi jina la mwajiri; safari inapita mpakani usiku badala ya kituo rasmi. Wakazi wa Songwe wanajua jinsi Tunduma na Isongole zilivyo karibu na nchi za watu. Kazi ya masaji imetumiwa mara nyingi duniani kama pazia la kuwauza wasichana, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamwadhibu anayewasafirisha hata kama msichana mwenyewe alipanda gari kwa hiari yake baada ya kudanganywa.

Ukiwa na lalamiko

Anza na chuo chenyewe, kwa barua. Eleza ulichoahidiwa, ulichokipata na unachodai, kwa tarehe na kwa kiasi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama wanakataa kugonga, tuma kwa posta kwa rejista au kwa barua pepe. Wape siku 14 za kujibu.

Wasipojibu, tazama lalamiko lako ni la aina gani. Usajili, mtaala na cheti ni mambo ya NACTVET. Tangazo la uongo na masharti ya kumkandamiza mlaji ni mambo ya Tume ya Ushindani. Picha na taarifa za afya ni mambo ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa mtu alichukua fedha kwa jina la chuo ambacho hakipo, hilo ni la polisi siku hiyo hiyo, kabla laini yake ya simu haijazimwa. Deni la ada isiyorejeshwa linaweza kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Afisa maendeleo ya jamii katika kata au wilaya, makao yake yakiwa Itumba kwa watu wa Ileje, anaweza kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Utakapokwenda popote kati ya hapo, uwe na bahasha yenye vitu hivi: tangazo lenyewe, au picha yake inayoonyesha tarehe, fomu uliyosaini na kanuni ulizopewa, risiti zote na ujumbe wa miamala, ratiba ya vipindi na daftari la mahudhurio yako, barua yako kwa chuo na jibu lao, au ushahidi kwamba hawakujibu. Tangazo huondolewa mtandaoni upesi baada ya ugomvi kuanza. Lihifadhi siku unapoliona kwa mara ya kwanza, kabla hata hujaamua kama utaomba nafasi.